Volti kumi kwenye kopo la kahawa

Mama mwenye duka kule Bahi hakunigombeza, na hilo ndo liliniuma zaidi. Alinipa kiti, akanipa soda ya moto kwa sababu friji ilikuwa haifanyi kazi, akasubiri nimefika nusu chupa ndo akasema, "Mwanangu, betri ulizonifungia mwezi wa tatu zimekufa, na huu ni mwezi wa kumi na moja." Nikaanza yale maelezo yetu ya kifundi, mara matumizi yamezidi, mara vumbi kwenye paneli, mara mawingu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Alafu akagusa mizani yake ya sukari pale kaunta, ina stika ya Wakala wa Vipimo ubavuni. "Hii kila mwaka inahakikiwa, nikikutwa haijahakikiwa ni faini. Sasa hiyo mashine yako uliyopimia betri zangu, yenyewe nani anaipima?"

Nikamwambia mama, hiyo haipimwi, hiyo ndo inapima. Akacheka. Nikiwa kwenye basi narudi Dodoma ndo nikaelewa alichokuwa anacheka.

Hiyo ilikuwa Novemba 2023. Mimi nafunga sola na kutengeneza inverta, kibanda changu kipo Majengo, paa la bati, mlango unaangalia magharibi yani kuanzia saa nane mchana jua lote la Dodoma ni langu. Mita yangu ya kazi, ya kupimia umeme, ilikuwa ile ya njano ndogo, DT-830, ambayo sidhani kama kuna fundi nchi hii hajawahi kuimiliki, bei yake haifiki hata ya kuku wa kienyeji. Na nilikuwa naiamini kama ninavyoamini saa ya msikitini.

Sasa kilichotokea Bahi ni hiki. Chaji kontrola ya yule mama, kile kifaa kinachoamua betri zijazwe mpaka volti ngapi, ni ya kuseti mwenyewe, na karatasi ya zile betri za jeli ilikuwa inataka zichajiwe mpaka volti 14.4. Siku nafunga nikaweka mita ikanisomea 14.9, nikasema aah hii kontrola itaua betri za watu, nikaishusha mpaka mita ikanionyesha 14.4, nikajipongeza, nikala ubwabwa wa Bahi na samaki nikaondoka zangu. Kontrola ilikuwa sawa tangu mwanzo, mita ndo ilikuwa inazidisha nusu volti. Kwahiyo betri za mama zikaishi miezi nane zinachajiwa mpaka 13.9 tu, hazijai hata siku moja, na betri ya risasi isiyojaa inaota salfeti kwenye plati zake taratibu, leo huoni kitu, kesho huoni kitu, siku moja unakuta friji imezima saa mbili usiku.

Nilijuaje? Nilivyofika kibandani niliazima mita ya jirani na nikanunua nyingine mpya, nikapima betri moja kwa zote tatu. Ya jirani 12.24. Mpya 12.18. Yangu 12.66! Nikaitazama vizuri nikaona namba kwenye skrini zimefifia, na nikakumbuka kwamba Bahi siku ile zilikuwa zimefifia hivohivo mpaka nikawa nakinga jua kwa mkono ili nione. Nikabadilisha ile betri ya volti 9 iliyo ndani ya mita. Ikasoma 12.27.

Hapo nilikaa chini. Yani mita inadanganya kwa sababu ina njaa.

Nikaanza kuchimba kwanini inakuwa hivo, na ni rahisi ukishaelezwa. Ndani ya hizi mita kuna aisii, yani chipu ya elektroniki, nyingi ni za ukoo wa ICL7106, na hiyo aisii inajitengenezea volti zake za kulinganishia, kama 2.8 hivi, kutoka kwenye ile betri ya 9. Kila unachopima kinalinganishwa na hizo. Betri ikiwa juu ya volti 7 hivi, zile 2.8 zinakaa imara, ila ikishuka chini ya hapo zinaanza kulegea na zenyewe. Sasa chukulia rula ya fundi nguo imesinyaa, kitambaa ni kilekile lakini kila anachopima kinaonekana kirefu. Ndo maana betri ikiisha mita haisomi chini kama tulivyozoea kudhani, inasoma juu. Nilikusanya betri za 9 zilizochoka kutoka kwa mafundi wenzangu nikajaribu moja moja, yenye 7.5 haikubadilisha kitu, yenye 6.6 mita ikasema 12.45, yenye 6.2 ikaenda 12.7 na ushee. Mita nyingine zina alama ya betri inayowaka mapema, yangu ilikuwa haina, wala sijui kwanini nilikuwa nasubiri namba zipotee kabisa ndo nibadilishe betri ya elfu mbili.

Ungesema basi, tatizo limeisha, badilisha betri endelea na maisha. Ila swali la mama lilikuwa bado lipo palepale. Nina mita tatu, zote zina betri mpya, moja inasema 12.18, nyingine 12.24, nyingine 12.27, na karatasi za hizi mita zinasema kosa linaloruhusiwa kwa volti za DC ni nusu asilimia na juu yake hatua mbili za tarakimu ya mwisho. Ukipiga hesabu kwa volti 12 unapata kama 0.08 kwenda juu au chini, maana yake zote tatu zinaweza kuwa ndani ya haki yake na bado zikatofautiana. Kwa betri za zamani hiyo sio ishu sana. Kwa hizi lithiamu za seli nne tunazofunga saivi ni ishu, kwa sababu kati ya 13.0 na 13.2 kuna karibu nusu nzima ya betri imejificha hapo.

Nikasema nitengeneze kitu kimoja ambacho volti zake nazijua, niwe naweka mita zangu hapo kila mwezi. Sikujua kwamba neno "nazijua" ndo litanila mwaka mzima.

Jaribio la kwanza lilikuwa la kitoto. Fundi yeyote atakwambia 7805 inatoa volti 5, imeandikwa hata kwenye jina lake. Nikaifunga, mita zikasoma 4.93, 4.96, 4.97, nikataka kuzifungua zote tatu nizirekebishe zisome 5.00, mpaka nikaangalia karatasi ya 7805 yenyewe, inaruhusiwa kutoa popote kuanzia 4.8 mpaka 5.2. Asilimia nne! Hiyo ni kumpa mtoto mchanga kazi ya ushahidi. Chaja ya simu nayo hivohivo usiitegemee.

Jaribio la pili nilifungua chaja mbovu na sapulai za kompyuta, ndani yake kuna kamdudu ka miguu mitatu kanakofanana na transista, kanaitwa TL431. Ukiunganisha mguu wa rejea na katodi, ukampa rizista imletee zaidi ya miliampia moja, anakushikia 2.495 pale. Nilipata watano kutoka kwenye uchafu wa nyuma ya kibanda. Hawa kidogo ni watu wazima, yule wa kawaida ana kosa la asilimia mbili, mwenye herufi A asilimia moja, mwenye B nusu. Watano wangu kwa mita ileile wakasoma kuanzia 2.47 mpaka 2.51, nikachukua wastani, nikajiona mwanasayansi. Alafu dogo anayejifunza kwangu akauliza, "Sasa bro, kama mita yenyewe ndo inazidisha, si wote watano umewazidishia?" Nikamwambia nenda kalete chai.

Alikuwa sahihi lakini. Wastani unapunguza tofauti za wale watano wao kwa wao, ila kosa la mita limewapaka wote rangi moja, huwezi kulitoa kwa kujumlisha na kugawanya.

Hapo ndo nikaagiza AD584 mbili. Hii ni aisii ya zamani ya Analog Devices iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa, inatoa volti 10, 7.5, 5 au 2.5 kutegemea umeunganisha miguu ipi kwa ipi, ukiiacha wazi inatoa 10. Zinakuja kwa madaraja, J kosa lake kwenye volti 10 ni mpaka milivolti 30, K ni 10, L ni 5. Mimi niliagiza K. Zilifika baada ya wiki sita, zimevaa kofia ya chuma, miguu minane imekaa duara kama buibui, na ukiangalia vizuri miguu imeshawahi kuchomewa risasi, maana yake zimetolewa kwenye mashine za zamani huko zilikotoka. Nilikasirika siku mbili. Baadae nikasoma kwamba kwa kazi hii uzee sio kasoro kabisa, hizi aisii zinahama zaidi zikiwa mpya na jinsi masaa yanavyokwenda zinatulia, kwahiyo kitu kilichokaa miaka kinawaka kwenye mashine ya mtu kimeshamaliza utundu wake huko.

Nikaichomea kwenye bodi ya matundu, nikaiweka ndani ya kopo la Africafe, kopo nimeliunganisha na negativu ili lizuie makelele ya redio na simu, juu matundu mawili ya kuchomeka waya za mita. Kazi ya jioni moja. Kazi ya kuliharibu ilichukua miezi minne.

Kosa la kwanza, umeme wa kulishia. Kibandani nina betri ya volti 12 ya sola, nikachukua humohumo. Mchana paneli inachaji, betri iko 13.8, kopo linatoa 10 safi kabisa. Jioni taa zikiwaka na betri ikishuka kwenye 12 na chini yake, kopo linaanza kuteleza, 9.98, 9.94. Wiki nzima nikadhani ni joto, kumbe ni jua kweli lakini kwa njia nyingine. Hii aisii ikitoa volti 10 inataka juu yake kama mbili na nusu za kupumulia, kwahiyo 12.5 ndo mwisho wake wa chini. Nikaweka betri mbili za 9 mfululizo, 18, ikatulia. Inakula chini ya miliampia moja kwahiyo betri zinadumu sana, ila nikaweka na kaswichi maana najijua.

Kosa la pili ndo lilikuwa tamu. Nikasema mbona nisipate na volti 1, 2, 3 mpaka 9, nikapanga rizista kumi za kilo-ohm 100 mfululizo kutoka kwenye ile 10, kila maungio natoa waya, kila moja volti moja. Hesabu imenyooka. Nikapima pale katikati panapotakiwa kuwa 5, mita ya njano ikasema 4.00. Sio 4.9, ni 4.00! Nikachukua mita ya jirani ambayo ni nzuri kidogo, 4.88. Nilishika bisibisi tayari kufungua ile ya njano, nikasema leo nimekukamata. Alafu nikakumbuka kitu cha darasani. Mita nayo ni mzigo. Ile ya njano kwa ndani ni kama megaohm 1, ya jirani ni 10, na pale katikati ya mnyororo wangu unaona upinzani wa kilo-ohm 250. Mita ya megaohm 1 ikikaa hapo inakunywa sehemu moja kati ya tano, 5 inakuwa 4. Ya megaohm 10 inakunywa kidogo, 4.88, hesabu inatoka kamili. Mita zote mbili zilikuwa zinasema ukweli, kwamba volti pale zimeshuka kweli kwa sababu ya zenyewe kuwepo. Nikang'oa mnyororo wote. Saivi natumia volti nne za aisii yenyewe basi, hizo zinatoka na nguvu, mita ikikaa hazitikisiki.

Kosa la tatu nalisema kwa aibu. Nina rafiki anatengeneza redio za mawasiliano Area D, ana mita ya mezani ya tarakimu nne na nusu, inaona milivolti moja kwenye volti 10. Akaniazima wikiendi. Kopo likasoma 10.004. Sasa mtu wa kawaida angeridhika, mimi zile 4 za mwisho zikawa zinanikera kama mchanga kwenye wali. Karatasi ya AD584 inaonyesha jinsi ya kuweka trimpoti, rizista ndogo ya kuzungusha kwa bisibisi, ya kurekebishia, nikaiweka, nikazungusha kwa pumzi imebanwa mpaka 10.000, nikapiga picha nikaweka status. Wiki mbili baadae nimelibeba kopo kwenye bodaboda mpaka Nkuhungu na kurudi, nikaenda kwa rafiki, 9.993. Nikaligonga kwa mpini wa bisibisi, 9.996. Nikaligonga tena, 10.002. Rafiki akaniangalia akasema, "Kaka, ulikuwa na kitu kinachokaa sehemu moja, umekiongezea kitu kinachotembea ili kipendeze." Ile trimpoti ndani ni kakipande kadogo kanakosugua kwenye njia ya kaboni, vumbi la Dodoma la mwezi wa nane na mitikisiko ya barabara, kweli kangetulia wapi.

Nikaing'oa palepale mezani kwake. Ikarudi 10.004 na ikabaki 10.004.

Tangu siku hiyo sijawahi tena kutamani 10.000. Kopo linaweza kutoa 10.004 au 9.871, mimi haijalishi, mradi ni namba ileile leo na mwezi ujao na mimi nimeiandika. Mita ikisoma 10.05 natoa najua imezidi kiasi gani, hesabu ya darasa la nne hiyo. Mafundi wengi nikiwaonyesha kopo, cha kwanza wanachouliza ni mbona sio kumi kamili, wanaona kama limeharibika.

Joto nalo nilikuwa naliogopa sana kuliko lilivyostahili. Kibandani kwangu Julai asubuhi inafika nyuzi 17, Oktoba mchana chini ya bati 36. Daraja K linaruhusiwa kuhama sehemu 15 kwa milioni kila nyuzi moja, zidisha kwa nyuzi 19, unapata kama milivolti 3 kwenye volti 10. Mita ya njano kwenye volti 10 tarakimu yake ya mwisho ni milivolti 10, haioni hata kivuli. Ila nilitaka kuona kwa macho. Shida ni kwamba ukipima asubuhi na ukapima mchana, mita nayo imepata joto, utajuaje nani kahama? Kwahiyo mita ya rafiki ikabaki mezani sehemu moja, kopo nikalifunga nailoni nikalining'iniza ndani ya mtungi wa maji juu ya maji masaa mawili, nikapima, alafu nikalianika juani mpaka likafika nyuzi 41, nikapima tena ndani ya saa hilohilo. Tofauti milivolti 2. Mke wangu alivyokuta kopo la waya na betri kwenye mtungi wa maji ya kunywa, hiyo nayo ilikuwa na vipimo vyake.

Sasa 10.004 ni kwa mita ya rafiki, na ya rafiki nani anaipima? Unaona mama wa Bahi alikuwa bado ananifuata. Shirika la Viwango, TBS, wana maabara ya ugezi, yani ya kuhakiki vipimo, Dar kwa kazi hizo, ila kopo la kahawa niliona haya kulipeleka kule, na nilijua gharama itaumeza mtaji wa kibanda. Bahati nzuri nina mtu niliyesoma naye anafanya kazi kwenye maabara ya kiwanda kimoja Dar, wana mita ya tarakimu sita na nusu inayopelekwa kuhakikiwa kila mwaka na ina cheti chake ukutani. Akasema njoo Jumamosi nitakupimia.

Septemba 2024, treni ya SGR ilikuwa ndo imeanza kwenda Dodoma mwezi wa saba, nikasema niende kisasa. Sikufikiria kitu kimoja. Kwenye mashine ya ukaguzi pale stesheni linapita kopo la chuma, ndani betri mbili, waya, swichi na kitu cha kofia ya chuma kimekaa katikati. Dada wa ukaguzi akasimamisha mkanda, akaita mwenzake, mwenzake akaita mkubwa wao. "Kaka, hii ni nini?" Nikasema ni volti kumi. Jibu baya kuliko yote duniani. Nikarekebisha, nikasema ni kifaa cha kupimia mita, wakaangaliana, nikaomba nichukue mita kwenye begi niwaonyeshe, nikachomeka, ikasoma 10.01, mkubwa wao akasema "na hii moja ya mwisho ni ya nini?" Nilitaka kumkumbatia. Nilimweleza, akaelewa, akaniambia nilifunge vizuri na siku nyingine niandike juu ni kitu gani. Ndo maana saivi limeandikwa kwa maka peni, KIFAA CHA KUPIMIA MITA, SIO CHAI SIO BOMU, ingawa nadhani hilo neno la mwisho limeongeza tatizo badala ya kupunguza.

Maabara ina kiyoyozi nyuzi 23. Jamaa aliwasha mita yake saa nzima kabla hajapima, na kopo pia akaliacha nusu saa lizoee hewa, mimi nimetoka Dodoma na haraka zangu ananiambia tulia. Tukiwa tunasubiri akanisimulia kwamba zamani hizi volti zilikuwa zinatunzwa kwenye seli za kioo, alizibuni Edward Weston mwaka 1893, ndani zebaki na kadimiamu, zinatoa 1.018 na ushee, na 1911 ndo zikakubaliwa kimataifa kuwa kipimo cha volti. Ukiitikisa au ukiilaza inakasirika. Tangu 1990 maabara kubwa za dunia zinatumia njia ya Josephson, vipande vidogo vilivyogandishwa baridi kali karibu na sifuri kamili, ile baridi ya mwisho inayowezekana, vinapigwa mawimbi ya redio na vinatoa volti kwa kuhesabu mawimbi hayo tu. Mimi nikawa naangalia kopo langu la kahawa nikacheka peke yangu.

10.0037. Ikasimama hapo, ile 7 inacheza kwenye 6 na 8. Akaniandikia kwenye karatasi, namba, nyuzi joto, tarehe, jina la mita iliyopima, akapima na zile tatu nyingine za 7.5, 5 na 2.5, karatasi nikaibandika ndani ya mfuniko. Rafiki wa Area D alivyosikia alifurahi kuliko mimi, mita yake ilikuwa haina hata milivolti moja ya kosa.

Kuanzia hapo kibanda kikawa zahanati ya mita. Mafundi wa Majengo na wa Sabasaba wakawa wanaleta, sichaji hela, labda soda. Nimeandika kwenye daftari mita 23 mpaka sasa, sio utafiti huo ni daftari langu tu. Sita zilikuwa na betri imechoka, ukibadilisha zinarudi kwenye mstari. Tano waya zake za kupimia zilikuwa zimekatika ndani ya mpira karibu na mpini, ukikunja zinacheza. Moja rotari yake, ile swichi ya kuzungusha, imejaa vumbi, nilisafisha kwa spiriti ikapona. Zilizokuwa zimehama kweli kiasi cha kufungua na kugusa ile trimpoti ya ndani ni mbili tu. Na hapo nina masharti, betri mpya kwanza, waya zitolewe kwenye chochote kile kabla ya kufungua mgongo, maana jirani yangu mmoja alishawahi kufungua huku ncha ziko kwenye soketi ya 230 na bado ana kovu, na ukishagusa trimpoti hiyo jua umezigusa renji zote za mita kwa pamoja, sio ile ya volti 20 peke yake. Kwahiyo nikishagusa napima zote nne za kopo, zikikataa kwenda pamoja narudisha ilipokuwa. Dogo aliyeniuliza swali la wastani ndo anaifanya kazi hiyo siku hizi, na ana mkono mwepesi kuliko wangu.

Bahi nilirudi mapema tu, kabla hata kopo halijaisha. Betri mbili mpya, moja nilitoa mfukoni mwangu, moja alitoa mama, tulikubaliana hivo bila kuvutana. Kontrola nikairudisha 14.4 kwa mita yenye betri mpya. Baada ya safari ya Dar nikaenda tena na kopo, nikaliweka kaunta kando ya mizani, nikachomeka mita mbele yake, nikamfungulia mfuniko aone karatasi. Akavaa miwani, akasoma taratibu, akauliza, "Inarudi lini kupimwa?" Nikasema mwakani. Akasema basi iandike, nikaandika hapohapo kwa kalamu ya duka.

Nilirudi Dar Septemba 2025 kama nilivyoandika, 10.0039. Limehama milivolti 0.2 mwaka mzima, kwa fundi wa sola hiyo ni kama hakuna. Ila pale nilienda na kopo la pili, nimetengeneza kwa ile AD584 nyingine iliyobaki, lenyewe lilisoma 9.9982, nikaliandika hivo. Kila Jumatatu asubuhi nayaweka mezani, nachomeka mita kati ya matundu yao mawili ya chanya, hasi na hasi zimeungana, kwahiyo mita haioni volti 10, inaona tofauti tu, na kwa renji ndogo hata mita ya njano inaona sehemu ya kumi ya milivolti. Kutoka Dar ilikuwa 5.7. Novemba 5.7. Januari 5.9. Wiki iliyopita 6.6, na mtungi nao nimeshautumia, joto sio lenyewe. Moja kati yao limeanza safari. Nimeagiza AD584 ya tatu, iko njiani wiki ya nne hii, na mke wangu ameshaambiwa asitupe kopo la kahawa likiisha.